Gari Lililojengewa Nyumba

Gari ni lako. Baba yako mdogo Wani amekubali leo jioni, mbele ya haboba, bibi yako aliyemzaa, na kesho yeye mwenyewe atakaa kando yako mpaka Yei. Lile gari, Keji. Abugada wetu. Halikuwa teksi hata siku moja.

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu. Mimi sijambo, ila naandika kwa haraka ya furaha, kwa hiyo usiyacheke maandishi. Wewe uko hapo nyuma ya ukuta, nakusikia ukibishana na bibi yako kuhusu sanduku, na mimi huku natoa salamu kama mtu aliye Kampala. Lakini kesho asubuhi uwanja wetu utajaa watu, na mbele ya watu mimi hujisifu tu, maneno mengine yote hunikimbia. Hilo unalijua. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kusoma kule Koboko, chini ya turubai la misheni, mwanamke mzima, wewe ukinivuta nguo unataka twende nyumbani. Kibari, lugha yetu, nakisema na kukiimba kuliko wote hapa mtaani Buluk, Juba, lakini kalamu yangu ilizaliwa Uganda.

Sitakuambia uchemshe maji, wala usiazime watu sabuni. Hayo nimekuambia mpaka nimechoka mwenyewe, na chuo cha ukunga cha Yei hakikosi mwanamke wa kukupigia kelele. Nataka kukuambia habari za gari, maana wewe unajua nusu tu. Mimi pia mpaka leo nilikuwa najua nusu.

Baba yako alilinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyekuwa anarudi kwao. Gari dogo la Kiingereza, jeusi, mgongo wa mviringo, ndiyo maana watu wakaliita Abugada, yaani kobe. Baba yako alikuwa dereva wa malori ya watu wengine, na hilo ndilo lilikuwa lake. Naye akaniweka mimi mbele. Keji, mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa Buluk kukaa mbele katika gari la mume wake, na mkono wangu ulikuwa nje ya dirisha. Jumapili nilimwambia apite njia ya mbali, polepole, ili wale waliotoka misa ya kwanza watuone, na wanaokwenda ya pili pia. Alikuwa ananiambia, "Mafuta yataisha." Nikamwambia yaishe mbele ya kanisa basi, watu wapate muda. Alicheka, akapita njia ya mbali. Ulikuwa nyuma umesimama juu ya kiti, huwezi kukumbuka.

Halafu mambo yakaharibika. Unakumbuka usiku tulioondoka kwa miguu, lakini siku za kabla yake hukuelewa tulikuwa tunafanya nini. Baba yako alijua akilitoa gari barabarani askari watalichukua kwenye daraja la kwanza, na yeye pamoja nalo. Kuliacha uani ni kuwapa. Haboba ndiye aliyesema, "Lijengeeni nyumba." Basi wakalijengea. Mianzi, udongo, paa la nyasi, mlango mdogo wa mtu mmoja kuinama. Gari likabaki ndani kama mbegu ndani ya tunda. Aliyepita nje aliona nyumba ya mwanamke maskini, basi.

Baba yako akaniambia nimimine mafuta ndani ya injini, kwenye matundu ya plagi, ili chuma kisishike kutu. Alikuwa na haraka, hakusema mafuta gani, na ya gari hayakuwepo. Mimi nilikuwa na lulu, siyo ya shanga, bali yale mafuta yetu ya kokwa yanayoganda kama siagi. Wewe umekuzwa kwa lulu. Miguu iliyopasuka ni lulu, mtoto mchanga ni lulu, nywele, ngozi ya ngoma, mboga za jioni, vyote ni lulu. Nikasema kitu kinachomfaa mtoto wa watu kitashindwaje na chuma? Nikaiyeyusha, nikamimina mpaka ikafurika. Sikumwambia baba yako. Nilijiona fundi.

Haboba alikataa kuondoka. Alisema miguu yake haijui Uganda. Akahamia ndani ya nyumba ile, akalala kwenye kiti cha nyuma miaka yote. Askari wakija kupekua, alitoka akakaa mlangoni, akawaambia ndani kuna mzazi. Unajua kwetu: nyumba yenye mtoto mchanga, mwanamume wa nje haingii mpaka kitovu kidondoke, mpaka watu wa baba yake waje wamtoe nje na kumpa jina. Wale askari walikuwa na mama zao, wengi wakarudi nyuma. Mmoja aliweka sikio ukutani, akasikia vifaranga waliokuwa wameanguliwa ndani ya buti ya gari, akasema mtoto huyu ana sauti nyembamba. Wakibadilishwa kikosi, wakija wapya, haboba alizaa upya. Watu wa Buluk walijua. Wakawa wanamwuliza kwa mzaha, "Haboba, mtoto hajambo?" Naye anajibu hajambo, amenyonya.

Baba yako, kule Koboko, katika ule ugonjwa wake, hakuacha neno juu ya gari. Nakuambia ukweli ili mtu asikutungie mengine. Hakusema ni la fulani. Aliuliza kitu kimoja tu, tena mara nyingi: "Ile nyumba inavuja?" Nikamwambia haivuji. Nilijuaje? Nilisema tu.

Tuliporudi, baada ya amani, lori lilipotushusha nilikimbia. Mnakumbuka nyote mlivyonicheka, mama mnene anakimbia na sufuria kichwani. Nyumba ilikuwa imesimama. Haboba alikuwa ameketi mlangoni, macho yameshakwisha, akasema, "Nani huyo anahema hivyo?" Na ndani, Abugada. Lilikuwa limekaa juu ya mawe, matairi yameoza, vioo vimefifia, lakini ni lenyewe. Hapo hapo nikasema moyoni: hili ni la Keji. Wewe ndiye uliyebaki wa baba yako. Sikukuambia, maana nilitaka uje ulishike zima linanguruma. Nikakuacha uamini tunatengeneza teksi, nawe kila ukitoka shule ukachukua msasa ukasugua kutu mpaka mikono ikawa ya baharia. Nilikuwa nakutazama kutoka jikoni. Nilichoma maandazi huku nalia, nawe ukadhani ni moshi.

Fundi Yusto unamjua, yule aliyejifunza Kampala na hawezi kusema sentensi moja bila Kampala ndani. Siku alipofungua injini aliweka spana chini. Halafu akaniita. "Mama Keji, hii ni injini ama ni sabuni?" Lulu ilikuwa imeganda humo ndani, nyeupe, ngumu, na sisimizi wamechimba njia zao kama za soko la Konyo-Konyo. Akaniambia katika gereji zote za Kampala hajaona ujinga kama huu. Nikamwambia yeye achemshe. Tukachemsha. Ile sufuria yangu kubwa ya pombe iliingia vyuma, maji, magadi, na mimi nilikoroga kwa mwiko wakati yeye amekaa pembeni anatukana. Lulu ilipoyeyuka, pistoni zikatoka zinang'aa. Hazikuwa na kutu hata mahali pa kuweka kucha. Yusto akazigeuza, akazigeuza, akasema alijua tangu mwanzo. Kesho yake sokoni alikuwa anawaambia watu ni njia ya Kampala.

Na mimi sikumwacha atambe peke yake. Nilisema Konyo-Konyo, nilisema mtaa wa Malakia, nilisema mtoni tulipofuata rangi ya meli ya kulipaka gari: ni lulu yangu iliyolinda gari miaka yote. Mimi na lulu yangu. Mwanamke mkimbizi ana akili kuliko mainjinia. Nilisema kila mahali, Keji. Ukitaka kujua neno lilikofika, lilifika kwa Wani.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Siku Yusto alipofunga kabureta na kusema tunaweza kujaribu, ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Gari lilikuwa bado ndani ya nyumba yake. Ilibidi ukuta uvunjwe. Haboba akaniambia, "Tuma mtu amwite Wani." Nikasema Wani yuko safari na lori. Hakuwa safari. Sikutaka kungoja. Nilitaka soko linione kabla halijafungwa. Yusto akapiga ukuta kwa nyundo, akazungusha hendeli, gari likakohoa, likatoa moshi wenye harufu ya lulu iliyoungua mpaka majirani wakauliza nani anapika, na likawaka. Ulipiga kelele wewe. Mimi nikaingia mbele, mkono nje ya dirisha, na Yusto akanizungusha Konyo-Konyo yote.

Wani aliliona sokoni. Alikuwa amesimama kwa wauza mkaa. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Jioni ile alikuja hapa, wewe ulikuwa kwa rafiki yako. Alisimama penye lango. Nikampa kiti, hakukaa. Nikampa maji, hakunywa. Akasema, "Mtoto ametolewa nje bila watu wake. Basi mimi si mtu wake." Nikamwambia shemeji, ule ulikuwa uongo wa haboba kwa askari, gari si mtoto. Akasema gari ni la ndugu yake na litabaki katika nyumba ya ndugu yake, lisije likaenda na msichana siku akiolewa, maana gari la msichana ni gari la watu watakaomwoa. Nami nikamjibu, Keji, na hili jibu nimelimeza kama mwiba wa samaki tangu siku ile. Nikasema ninyi mliobaki Juba mlikula chakula cha serikali wakati sisi tunamzika ndugu yako ugenini, leo mnakuja kuhesabu gari?

Aliondoka. Ndiyo maana hajaja tangu siku ile. Wewe uliuliza mara nyingi, yule aliyekufundisha gia na breki kwenye lori lake amepotelea wapi, nami nikakudanganya kuwa ana kazi. Nilimtuma Yusto akaongee naye. Yusto akaongea habari za Kampala, akarudi. Kwa hiyo mpaka leo mchana mambo yalikuwa hivi: ungeondoka kesho kwa lori la magunia, gari lingebaki, na baba yako mdogo asingekuja kukuaga. Gari ningevumilia. Lakini msichana wa nyumba hii kuondoka bila mkono wa baba yake kichwani, na kosa ni mdomo wa mama yake, hapana.

Ulipokwenda kanisani kuaga kwaya, nikavaa nguo yangu ya Krismasi. Nilikuwa nimepanga hotuba. Ilikuwa nzuri, usifikiri haikuwa nzuri. Ilianza na mambo niliyofanya na kumalizika na mambo niliyofanya. Haboba akanisikia naijaribu chini chini, akasema, "Maneno yako yaache hapa yalinde nyumba. Nitakwenda na wewe." Akashika nguo yangu kwa nyuma, tukatembea hivyo mpaka Malakia, kipofu na mjinga.

Wani alikuwa anatengeneza kitanda. Alimketisha mama yake. Mimi nikabaki nimesimama. Alifunga kamba kwanza, polepole, halafu akasema bila kunitazama:

"Mama Keji. Ulisema sokoni ni lulu imelinda gari."

Nikasema ndiyo, nilisema.

"Lulu inazuia mvua?"

Sikuelewa. Haboba akacheka ule ucheko wake usio na meno. "Mwambie, Wani. Ulinikataza nikanyamaza. Sasa hakuna tena wa kukupiga."

Hakutaka kusema yeye, kwa hiyo alisema haboba. Keji, paa la nyasi linadumu misimu mingapi kabla halijaoza? Mimi mtoto wa Juba, nimezaliwa chini ya paa la nyasi, sikujiuliza hata mara moja. Niliikuta nyumba imesimama baada ya miaka yote ile, nikasifu lulu. Kumbe kila kiangazi kikiisha Wani alikuwa analiezeka upya. Mwanamume anayebeba nyasi mjini wakati ule aliulizwa anamjengea nani, anamficha nani. Basi akawa anazileta kidogo kidogo juu ya magunia ya mkaa, zile nyasi za kuziba midomo ya magunia. Watu walinunua mkaa, yeye akabaki na nyasi. Usiku, watu walipokatazwa kutoka, anapanda juu anafunga fungu moja, anashuka.

Safari moja doria ilimkuta juu ya paa. Wakamwuliza nyumba ya nani. Akasema mke wangu amejifungua, mvua inamnyeshea. Haboba yuko ndani, kwenye kiti cha nyuma, akaanza kugumia kama mzazi. Wakamwamini, nyumba hawakuingia. Lakini walimpiga kwa sababu ya kutoka usiku. Ndilo lile bega lake la kushoto, mkono usiofika juu ya kichwa. Wewe ulidhani ni ajali ya lori. Mimi pia.

Na baada ya hapo alipanda tena, kwa mkono mmoja.

Nilisimama pale na nguo yangu ya Krismasi. Nikapiga magoti kama walivyotuzoesha Waganda. Akasema, "Inuka, hapa si Kampala." Lakini alikuwa ameniangalia usoni sasa. Nikamwambia, "Shemeji, baba Keji alikuwa anauliza kama inavuja. Mpaka siku ya mwisho. Nikamwambia haivuji, na sikujua ni kazi yako." Akageuka akashika kamba za kitanda. Tukamwacha azishike.

Baadaye akasema, "Kwa nini unamfanya ndugu yangu teksi?" Kumbe na yeye aliamini. Uongo wangu wa teksi, niliokutungia wewe, ulimfika. Kila alipoliona gari aliona watu wasiomjua ndugu yake wamepanda juu yake kwa nauli. Nikamwambia ni la Keji, tangu siku niliyoshuka kwenye lori ni la Keji. Akakaza kamba. Nikamkumbusha mimi mwenyewe habari za watu watakaokuoa, nikijua bora aseme leo kuliko aseme kesho. Akasema, "Watakaomwoa watakuja na ng'ombe. Gari watalikuta linaendeshwa na mwenyewe." Halafu akaniuliza kama breki za Yusto zinashika kweli, maana Yusto ni mdomo. Nikasema Yusto ni mdomo. Hapo tukakubaliana kwa mara ya kwanza tangu tumerudi.

Ndiyo habari yote. Mimi sitaacha kujisifu, mwanangu, nimezeeka nako, na wewe nakusifu hata usingizini. Kesho utanisikia. Lakini huko uendako utawapokea watoto wa watu, na watu watakushukuru wewe kwa sababu mikono yako ndiyo watakayoiona. Pokea shukrani, usione haya. Ila ukikuta mahali paa halivuji, uliza nani alipanda juu. Mimi nimechelewa kuuliza, na nimesamehewa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunisamehe zaidi ya kukupenda wewe. Ninavyomshukuru Mungu usiku huu, simshukuru kwa gari. Gari lilikuwepo. Namshukuru kwamba Wani anakuja saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba amekula maandazi yangu niliyombebea leo, na akafunga mengine ya safari.

Ana sharti moja. Anasema Abugada halijatolewa nje kwa haki, limetoroka tu na mama yake, kwa hiyo kesho linakwenda kutembea kama mtoto anayebebwa kwa shangazi. Akirudi kutoka Yei kwa lori anaanza kuujenga upya ule ukuta uliovunjwa. Kwa mkono wake, amekataa Yusto aguse. Atakuachia mlango mpana, upite na gari. Mkifunga chuo utalileta, utaliingiza ndani mkesha wa Krismasi, mlango utazibwa, na haboba atalala humo usiku huo na ule unaofuata, kwenye kiti chake. Kisha Wani na watu wa baba yako watalitoa nje na kulipa jina, na jina analijua yeye peke yake. Nimemwuliza, nimembembeleza, nimemwambia mimi ndiye mama, amekataa.

Watu wa baba yako watakuja kutoka ng'ambo ya mto na ngoma yao. Watu wangu watatoka Koboko, wale waliobaki, nimeshawapelekea neno kwa dereva wa lori la Kaya, kule mpakani. Kwaya yako itakuja, Yusto atakuja hata asipoalikwa, na majirani waliokuwa wanamwuliza haboba kama mtoto hajambo watakuja kumwona huyo mtoto. Mimi nitakaa nyuma siku hiyo, mbele atakaa Wani. Ni siku ya pili ya Krismasi, asubuhi, jua kabla halijawa kali. Wote watakuja siku hiyo.